Paka wako mdogo amekufa ghafla na hujui kwa nini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Paka wangu Sharubu alikuwa na miezi 14. Usiku alikula ugali na mchuzi wa dagaa, akalamba sahani mpaka ikasogea na kugonga ukuta, kama kawaida yake. Asubuhi, ikiwa Julai, na baridi ya Uyole ile ya kutoa moshi mdomoni, nilimkuta chini ya meza amejinyoosha, sikio moja limekunjika. Nililinyoosha lile sikio kwanza. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

Tangu siku ile watu wengi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Tukuyu wamenijia na maswali yaleyale niliyokuwa nayo mimi. Mimi si daktari wa mifugo. Mambo ya kitabibu nimeyauliza kwa madaktari wa mifugo, nikarudi kuyauliza tena pale ambapo sikuelewa. Mengine ni ya kuishi na msiba, na hayo nimejifunza mwenyewe.

Nimemkuta amekufa sasa hivi. Nianze na nini?

Anza na walio hai. Lia, hakuna anayekukataza, lakini ukiwa unalia fungua madirisha na milango.

Huku kwetu Juni hadi Agosti watu huingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa unaoungua chumba kikiwa kimefungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Paka ni mdogo na anapumua haraka, kwa hiyo anaweza kuzidiwa kabla yenu. Kama usiku kulikuwa na jiko ndani na asubuhi kuna mtu ana kichwa kinachouma, kizunguzungu au kichefuchefu, mtoe nje sasa hivi mwende hospitali. Habari ya paka itangoja.

Miezi hiyohiyo ndiyo ya kuvuna na kuhifadhi mahindi. Vidonge vya kufukizia magunia vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, yenye harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na mara nyingine hata harufu huisikii. Hutulia chini chini, mahali paka anapolala. Ikiwa magunia yamefukizwa kwenye chumba kinachopakana na mnapolala, tokeni wote, na msirudi kulala humo. Gesi hii inaua watu kama inavyoua panya.

La tatu: je, paka alimng'ata au kumparua mtu yeyote ndani ya siku 10 zilizopita? Alikuwa akidondosha mate, akiyumba, akiwa mkali ghafla au mpole kupita kawaida? Kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa peke yao. Mnyama aliyemng'ata mtu akiwa hai huangaliwa siku 10. Akishakufa, nafasi hiyo haipo tena. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo, si kesho. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikianza mapema, mtu anaokoka.

Nitajuaje kama kweli amekufa?

Weka vidole kifuani, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, uhesabu dakika nzima. Gusa kona ya jicho: aliye hai mara nyingi hupepesa hata akiwa amezirai. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache.

Tahadhari moja kwa watu wa Njombe na Makete. Mtoto wa paka wa wiki chache aliyelala nje kwenye baridi anaweza kuwa wa baridi kama jiwe, amelegea, na bado moyo unapiga polepole. Mweke kifuani chini ya nguo zako, umpashe joto taratibu. Usimpe maziwa mpaka apate joto.

Ametokwa na povu na damu kidogo puani. Amewekewa sumu?

Inawezekana, lakini povu peke yake halithibitishi. Baada ya kifo majimaji ya mapafuni na tumboni hutoka puani na mdomoni, na macho hubaki wazi. Paka aliyekufa kwa moyo naye anaweza kutokwa na povu lenye rangi ya damu, kwa sababu mapafu yalijaa maji. Nasema hivi kwa kuwa nimeona majirani wakivunja uhusiano wa miaka kwa ajili ya povu.

Sumu zenyewe zipo, na katika nyanda hizi za mahindi zipo kila nyumba. Hebu tuziangalie moja moja.

Zile sumu za panya zinazozuia damu kuganda haziui siku hiyohiyo. Huchukua siku kadhaa, na paka kwa kawaida huwa amemla panya aliyekula sumu. Utaona fizi nyeupe, uchovu, anahema, au damu kwenye haja. Ile ya unga wa kijivu au mweusi yenye fosfaidi ya zinki ni ya haraka, hufanya kazi kwa saa chache. Na zile za kuulia wadudu mashambani, ambazo watu huzichanganya na samaki au nyama, huleta mate mengi, mitetemeko, kujisaidia ovyo na mboni zilizobana kama tundu la sindano. Hizo zinaweza kumaliza paka ndani ya saa moja.

Kuna moja ambayo karibu hakuna anayeiwazia: dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi. Nyingi zina kemikali ya kuua wadudu iitwayo permethrin au ndugu zake. Mbwa anastahimili dawa hizo, mtu anastahimili, lakini ini la paka haliwezi kuzivunja vizuri. Paka analala juu ya magunia kumvizia panya, unga unashika kwenye manyoya na nyayo, kisha anajiramba. Hakuna aliyemtegea. Alikuwa kazini. Dawa za kuogeshea ng'ombe kuua kupe ni vivyo hivyo: usimpake paka kamwe, hata kwa matone, hata kama aliyekuuzia amesema haina shida.

Mimi ndiye nilimpa parasetamoli. Aliumwa, nikampa nusu kidonge. Nimemuua?

Swali hili huniuma zaidi ya mengine yote, na sitakudanganya. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa, na nusu yake ni hatari. Damu yake hushindwa kubeba hewa, fizi hugeuka rangi ya udongo, uso na nyayo huvimba. Kama uliona hayo, huenda dawa ndiyo iliyommaliza.

Lakini ulimpa kwa sababu alikuwa mgonjwa, na ndiyo dawa unayompa mwanao akiwa na homa. Kwenye boksi lake hakuna neno hata moja kuhusu paka. Mama mmoja wa Ilomba aliniambia alikaa miezi bila kuwapa watoto wake dawa yoyote kwa mkono wake mwenyewe. Alimwita dada yake aje awape. Nilimwambia ninachokuambia wewe: mkono uliompa dawa ndio uliomlisha mwaka mzima. Huwezi kuuhukumu kwa siku moja. Mwambie na mwenzako mwenye paka, aelewe, ili kwake yasitokee.

Alikuwa mzima kabisa, anacheza. Inawezekanaje mzima afe?

Mara nyingi hakuwa mzima, ila alionekana mzima. Paka huficha ugonjwa. Porini mnyama mdogo anayeonyesha udhaifu huliwa.

Sababu inayotajwa zaidi kwa paka kijana anayeanguka tu akafa ni ugonjwa wa moyo ambao kuta zake hunenepa mpaka nafasi ya damu inabaki finyu. Uchunguzi uliofanyika Uingereza kwa paka walioonekana wazima ulikuta karibu 15 katika kila 100 wana hali hiyo kwa kiwango fulani. Wengi huishi nayo bila shida. Wachache moyo hupoteza mapigo ghafla, na ndiyo ile unasikia kilio kimoja, unageuka, kwisha. Wengine donge la damu huziba mshipa unaokwenda miguu ya nyuma: paka anapiga kelele, miguu ya nyuma imepooza na ni ya baridi. Mara nyingi dalili ya kwanza ndiyo ya mwisho. Daktari akiweka masikio kifuani anaweza asisikie kitu. Kipimo cha picha ya moyo ndicho huonyesha, na paka wangapi wa Mwanjelwa au Kihesa wamewahi kupigwa picha ya moyo?

Kwa watoto wa paka wa miezi michache ambao hawajachanjwa, mshukiwa wangu wa kwanza ni parvo ya paka, ugonjwa unaoletwa na kirusi. Huua seli nyeupe za damu na utando wa utumbo, na mtoto wa paka anaweza kufa chini ya siku moja tangu aonekane amenyong'onyea, hata kabla ya kutapika.

Kisha gari. Barabara kuu ya kwenda Tunduma haina huruma, na paka aliyegongwa anaweza kujikokota hadi nyumbani bila jeraha la nje huku ndani kibofu kimepasuka. Angalia kucha: aliyegongwa mara nyingi kucha zake zimechanika, kwa kuwa alijaribu kung'ang'ania lami. Nyoka nao wapo, hasa migombani Rungwe.

Watu wanasema ni uchawi, au paka amebeba balaa lililokuwa limeelekezwa kwetu. Niamini?

Nimeambiwa hivyo mimi pia, na mtu ninayemheshimu, kwa nia ya kunifariji: "Mshukuru huyo paka, kakuokoa." Kama maneno hayo yanakupa utulivu moyoni, siyapigi vita. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale wanapoanza kutafuta nani alilielekeza balaa. Katika mikoa yetu wazee wamepigwa, na wengine kuuawa, kwa tuhuma za aina hiyo. Kifo kisicho na maelezo ni uchungu tayari; usikubali kiwe silaha ya mtu mwingine dhidi ya bibi wa nyumba ya pili.

Naweza kupata uchunguzi wa kweli wa chanzo cha kifo huku kwetu?

Ndiyo, ukiwahi. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo Iringa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, pale Morogoro, ndipo madaktari wa mifugo wanaposomea. Kwa aliye Mbeya, Iringa ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo anza na daktari wa mifugo wa wilaya au wa halmashauri yako: apige simu aulize kama watapokea, gharama ni kiasi gani, na kama anaweza kumfungua yeye mwenyewe hapo na kutuma vipande tu.

Mwili uwe wa baridi lakini usigande. Mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, weka kwenye boksi lenye barafu, ufike ndani ya saa 24. Kugandisha kwenye friza huharibu nyama kiasi kwamba kwenye hadubini hakuna cha kusoma. Vaa glavu. Ukishuku kichaa cha mbwa, usimguse wala kumfungua. Sema mapema ili wanaomshika wajikinge. Ukishuku sumu, beba na matapishi au mabaki ya chakula kwenye mfuko wa peke yake.

Jambo moja litakuchoma: kwenye fomu wataandika "mzoga". Hawamdharau. Ndilo neno lao la kazi.

Wamemfungua, wamesema hawakuona kitu. Nimepoteza hela bure?

Hapana. Moyo uliopoteza mapigo hauachi alama kila mara. Lakini wameondoa mengi: hakuna damu tumboni, hakuna mfupa uliovunjika, mapafu safi. Hayo ni majibu pia. Hukumwacha avuje damu usiku kucha bila kujua.

Mimi sikufika hata hapo. Sharubu nilimzika asubuhi ileile, kwa haraka, kama anayeficha kitu, kwa sababu sikutaka watoto wa jirani wamwone wakienda shule. Jioni ndipo nilipoanza kujiuliza. Lilikuwa jiko? Tulilizima. Moyo? Dawa ya unga kwenye mahindi ya shemeji stoo? Nililala nikifungua kesi, nikaamka nikiifunga. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nanusa magunia. Kilichonisaidia ni kuandika karatasini vitu vyote ninavyovijua kwa hakika: alikula, alikunywa maji, alilala miguuni kwangu mpaka usiku wa manane, hakulia. Vilikuwa vichache, lakini ni vya kweli, na nikikisoma kile kikaratasi hofu hurudi nyuma hatua moja. Sijajua mpaka leo.

Ningegundua mapema ningemwokoa?

Kwa moyo na donge la damu, mara nyingi hapana. Kwa parvo na sumu, wakati mwingine. Kwa paka uliobaki nao, dalili hizi hazingoji kesho: kuhema mdomo wazi, miguu ya nyuma kupooza, fizi nyeupe au za kahawia, kutetemeka, na pumzi zinazozidi 30 kwa dakika akiwa usingizini. Ukizikosa kwa yule aliyekufa, ujue hata mimi sikuwahi kuhesabu pumzi za paka kabla ya Julai ile.

Nimzike wapi?

Kwenye shamba au ua wako, mbali na kisima, mfereji au chemchemi, kina cha futi 3 hivi ili mbwa wasimfukue. Udongo wa Rungwe unachimbika vizuri, ila mvua za huko ni nyingi, chagua mwinuko. Iringa penye mawe, ukishindwa kufika kina, panga mawe makubwa juu. Kama alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, mnyunyizie chokaa. Usimtupe jalalani wala mtoni: panya na mbwa wakimla aliyekufa kwa sumu, nao wanaweza kufa.

Na kama umepanga nyumba: msomaji mmoja wa Ipogolo alimwomba mwenye nyumba kona ya bustani, akakataliwa, akampeleka paka kijijini kwao Kalenga kwa bajaji. Hakuzidisha chochote.

Je, ni sawa kumwombea?

Ni sawa. Wewe ndiye unayejua unazungumza na Mungu kuhusu nini.

Watu wananicheka. "Paka tu?" Niwajibuje?

Lugha yetu yenyewe inatubana hapa. Mtu hufariki, paka hufa. Ukisema "paka wangu amefariki" watu hutazamana. Wengine watasema amekufa kibudu, basi. Kazini huwezi kuomba ruhusa ya msiba. Na kijijini paka ni wa kufukuza panya, akifa huletwa mwingine kutoka kwa jirani, pengine kwa kubadilishana na kuku.

Lakini hata huko nimewaona wazee wakimwekea paka kipande cha kwanza cha nyama. Wapo wengi wanaopenda na hawasemi. Siku ile nilipomwambia fundi viatu wa kwetu, mwanaume mkimya wa kutisha, aliacha sindano, akasema "pole sana, wa kwangu alikuwa anaitwa Kapteni", akaendelea kushona. Neno "pole" halina kipimo cha ukubwa wa marehemu. Lipokee kwa anayelitoa; asiyelitoa, usimwombe, na usimweleze kila kitu.

Nimwambieje mtoto?

Mwambie amekufa. Usiseme amelala, kwa sababu usiku utakapomwambia alale ataogopa. Usiseme amekimbia, maana atamngoja mlangoni. "Mwili wake uliacha kufanya kazi, hasikii baridi wala maumivu, na hatarudi." Akiuliza kwa nini, sema "hatujui", na umwambie wazi kwamba si kwa sababu alimvuta mkia wala kusahau kumpa maziwa, watoto huwaza hivyo kimyakimya. Mpe kazi kwenye mazishi: kubeba ua, kushikilia tochi, kuweka jiwe. Atauliza tena baada ya wiki mbili kana kwamba hukuwahi kumjibu. Jibu tena vilevile.

Nina paka mwingine, anazunguka akilia. Naye anahuzunika?

Anamtafuta, hilo ni hakika. Wengine hula kidogo au hukaa mlangoni. Mwongezee muda wa kuwa naye, usibadilishe saa za chakula. Akikataa kula siku nzima, mpeleke kwa daktari: ini la paka huharibika akikaa na njaa, na pia hujui kama wanaumwa ugonjwa mmoja.

Nichukue mwingine lini?

Kuna majibu mawili. La moyo: ukiweza kumwita kwa jina lake mwenyewe bila kuteleza. La afya: kama aliyekufa alikuwa mdogo na hujui chanzo, chukulia ni parvo. Kirusi chake hukaa ndani ya nyumba hadi mwaka, na sabuni ya kawaida hakiiogopi. Osha kwanza uchafu, kisha pitisha jiki iliyochanganywa, sehemu 1 kwa sehemu 20 hadi 30 za maji, iache dakika 10, halafu suuza. Matambara na maboksi choma. Paka mpya aje akiwa ameshamaliza chanjo: huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Si kila duka la dawa za mifugo huwa nayo, piga simu kabla ya kumchukua mtoto wa paka, si baada.

Vyombo vyake nivifanyeje?

Kwa hofu ya ugonjwa, vya plastiki tupa, vya bati na udongo safisha kwa jiki kama nilivyosema. Baada ya hapo ni wewe. Sahani ya Sharubu ni ya bati, imebonyea upande mmoja kwa kugongagonga ukuta. Niliisafisha mara tatu, nikaikausha juani kwenye kichanja cha vyombo, na bado ipo pale chini, pembeni ya ukuta. Sijaihamisha, na mwenzangu wala hajaniuliza.